Kadi ya Kwenye Droo

"Dumu langu umelikata wewe!"

"Mimi sijakata dumu la mtu. Nimeokota takataka ziwani."

"Takataka! Norval, lile dumu lilikuwa na kamba mpya na matofali mawili chini yake. Takataka gani inakuja ziwani na nanga yake?"

Norval Tveiten alikuwa amesimama kwenye gati lake, kofia ameisukuma kisogoni, na dumu lenyewe, jeupe, la dawa ya kufulia, limelala katikati ya viatu vyake na kipande cha kamba shingoni. Upande wa pili wa mstari wa mawe unaotenga viwanja viwili alisimama Loren Pruitt, jirani yake wa mwaka wa pili, amevaa jaketi la kuokolea, zipu mpaka kidevuni, ingawa alikuwa nchi kavu. Tangu Julai ndivyo alivyo. Analivaa akitoka mlangoni kwake na halivui mpaka arudi mlangoni kwake. Kwa rangi ya jaketi lile, dukani walishampa jina: Chungwa.

Kwenye baraza la akina Tveiten watu wawili walikuwa wameacha kunywa kahawa ili wasikie vizuri. Mmoja ni Bev Lundeen wa posta, mwingine mzee Palmer, fundi wa injini za mashua. Na ndani, kwenye dirisha la jikoni lililo wazi, alikuwapo Ardis, mke wa Norval, kiazi mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Kiazi kile alikuwa anakimenya tangu ugomvi uanze, kimebaki ukubwa wa yai.

"Dumu lako linaita watu," alisema Norval. "Kila mjinga aliyepanga chumba pale kambini, akiona dumu jeupe katikati ya ziwa anajua hapo chini pana mwamba, na penye mwamba pana samaki, wolai wenyewe. Jumamosi nimehesabu mashua kumi na moja. Kumi na moja, bwana! Nimevua pale miaka thelathini na minne sijawahi kukuta hata mbili."

"Wendell amefia pale."

"Najua alikofia. Nani alimtoa majini? Si mimi?"

"Basi acha watu wauone mwamba."

"Wa hapa wanaujua bila dumu. Asiyeujua aende polepole, mota ameinua nusu, na mtu mmoja akae mbele aangalie maji. Ramani zinauzwa dukani. Wewe ya kwako ilikutwa chini ya kiti, bado iko kwenye nailoni yake! Ulikuwa unakimbia kama uko barabara ya mahindi kule kwenu, umemuua shemeji yako, halafu leo unataka kututundikia madumu ziwa zima tuonekane sisi ndio hatujui kazi."

Palmer alikohoa. Bev alisema "Mh!", ile "mh" ambayo hufika posta kabla ya barua.

Loren alimtazama Norval, kisha macho yake yakapanda taratibu mpaka dirisha la jikoni, yakamkuta Ardis na kisu chake. Yakakaa pale kidogo. Ardis akasubiri aseme. Loren akavuka mstari wa mawe, akaliokota dumu lake, akalikumbatia kifuani juu ya jaketi.

"Kesho nitalirudisha," alisema.

"Na mimi keshokutwa nitaliokota," alisema Norval.

Bev hakungoja kukaribishwa jikoni, hajawahi kungoja. Nyumba ya Ardis ilikuwa haijui kula peke yake. Mlango wa nyuma ulikuwa na funguo ambazo hakuna aliyekumbuka zilipo. Aliingia, akajimiminia kahawa, akaegemea friji.

"Umemwona alivyopauka? Na bado hajaona. Jumamosi trela linakuja."

"Trela la nini?"

"La Maxine. Amekodi. Karatasi imepita mikononi mwangu. Mimi barua za watu sisomi, unanijua, lakini ile ilikuwa wazi yenyewe. Anarudi Iowa, na Loren haendi naye. Ndoa ya miaka arobaini na moja, Ardis! Wiki tisa sasa analala kwenye karavani nyuma ya nyumba. Anasema hawezi kulala kitanda kimoja na mtu aliyemuua kaka yake kwa kujifanya anajua."

"Kujifanya anajua nini?"

"Njia! Kaniambia mwenyewe, pale pale dirishani kwangu, stempu mkononi. Asubuhi ile Wendell aliuliza, una hakika na njia? Loren akamjibu, leo nakwenda kama niliyezaliwa hapa." Bev akanywa funda. "Wanaume. Na vile vyombo vyako, wamesharudisha?"

"Bado."

"Vinane?"

"Vinane."

Bev alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa kuliko aliyoyaonyesha kwa ndoa.

Maana ukipeleka chakula kwenye msiba pale ufukweni, unabandika utepe wenye jina lako chini ya bakuli, na bakuli hurudi wiki mbili hazijaisha, limeoshwa, na ndani kuna kitu kidogo, hata biskuti nne. Ardis alikuwa amepeleka bakuli la nyama ya kusaga na viazi kila Jumanne, Jumanne nane mfululizo, na hakuna lililorudi. Watu wa kanisani wakasema hawa wa mahindi hawajui adabu. Ardis hakuacha kupeleka. Alikuwa na sababu yake ya kupeleka mabakuli mengi kuliko desturi, na sababu hiyo hakumwambia hata Norval.

Sababu ilikuwa mahindi.

Tarehe kumi na saba Julai, Wendell alifika kutoka Iowa kwa siku tatu. Dereva wa basi la shule aliyestaafu, mnene, mcheshi, anacheka kabla hujamaliza kisa. Alikuja na gunia la mahindi mabichi, akalimwaga juu ya meza ya Ardis kana kwamba anamwaga dhahabu. Jioni ile walikula wote pamoja, na Norval peke yake alikula mahindi tisa. Ardis alihesabu magunzi. Halafu Wendell akafuta siagi kwenye kidevu akauliza, kwa heshima kabisa, "Sasa mzee mwenzangu, mgeni wa siku tatu akitaka wolai wawili wa kumwonyesha mke wake, aende wapi?"

Norval akachokonoa meno. "Jaribuni mbele ya kanisa."

Mbele ya kanisa hakuna samaki. Pana matope na neti ya mpira wa wavu iliyopeperushwa na upepo mwaka wa mafuriko. Kila mtu anajua. Lakini hivyo ndivyo walivyo wanaume wa pale: mtu atakupa figo yake bila kuuliza jina la hospitali, atakuvuta na trekta yake usiku wa theluji, atakujengea paa. Mwamba wake hakupi. Wakati mwingine hata mwanawe humwachia wosiani, katika bahasha.

Ardis aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Mtu amekula mahindi yako tisa anakutuma ukavue matope! Kesho yake Norval alipokuwa kwa Palmer, alifungua droo ya jikoni, ile ya betri, uzi, mishumaa ya keki na funguo zisizo na mlango, akatoa ile kadi ndogo ya mashine ya ramani. Alimjua Norval kwa kadi hiyo. Kila anakopita hubaki mstari ndani yake, kama konokono. Unachomeka kadi kwenye mashine ya mashua yako, mstari unatokea kwenye kioo, unaufuata mpaka mlangoni kwa wolai. Alikwenda nayo mpaka kwenye mstari wa mawe, akamwita Loren.

"Humu imo njia ya mwamba wa Norval. Mpeleke Wendell asubuhi, uirudishe jioni. Na Norval asijue."

"Ardis, siwezi..."

"Shika. Unataka nife na aibu ya magunzi tisa?"

Loren alicheka. Aliapa kwa mkono wa kulia, kwa utani, kwamba hatamwambia Norval hata akifinywa.

Asubuhi ya kumi na tisa, Norval alikuwa mwisho wa kaskazini wa mwamba wake, ameshusha ndoana yenye kitonge cha risasi na chambo cha ruba, alipousikia mshindo. Baadaye alisema ulikuwa kama mlango wa ghala uliobamizwa na upepo. Mashua ya Loren ilikuja kwa maili thelathini na tano kwa saa na kupanda jiwe lililo nusu mkono chini ya maji. Loren alikuwa amevaa jaketi, akaangukia ndani ya mashua, akavunjika mbavu mbili. Wendell alikuwa amelikalia jaketi lake, kama mto, maana viti vya mbele ni vigumu. Alirushwa mbele akaangukia majini ng'ambo ya jiwe. Jaketi lilibaki kitini.

Basi Ardis akajiambia kwamba Loren alitoka nje ya mstari. Ndivyo ilivyo, mtu mgeni, mashua mpya, kioo kikubwa, akachepuka kidogo akitazama ndege. Mstari wa Norval haugongi mawe. Norval amepita njia ile maisha yake yote na hajawahi kukwaruza hata rangi. Alijiambia hivyo Jumanne ya kwanza akikuna jibini juu ya viazi, na Jumanne ya nane ilikuwa imeshakuwa kweli.

*

Saa sita mchana walikaa wanne mezani: Norval, Palmer, Bev na Ardis. Wolai wa kukaanga, viazi, na saladi ya kabichi. Norval alikuwa amechangamka, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ile pikipiki yako mpya ya theluji," alisema Palmer, mdomo umejaa. "Nimeiona chini ya turubai. Ina kioo chake?"

"Kioo kama televisheni ya chumbani! Hata sihitaji kurekodi upya. Nachomeka kadi yangu ya zamani, mistari yote ya barafu inatokea. Ngoja nikuonyeshe."

Aliinuka, akafungua droo. Akasukuma betri upande huu, uzi upande ule.

"Ardis, kadi yangu iko wapi?"

"Si iko kwenye mashua?" alisema Ardis, na wakati huo hata uma ulikuwa bado njiani kwenda mdomoni.

"Ya mashua iko kwenye mashua. Kiangazi kizima iko kwenye mashua, itakuwa wapi tena? Natafuta ya droo. Ya barafu."

Uma ukasimama.

"Droo inakaa ya barafu kiangazi, na ya mashua kipupwe," Norval alikuwa anamweleza Palmer, kichwa kimo ndani ya droo. "Napokezana. Miaka yote ndivyo."

Ardis aliziona njia zote mbili kwa mara moja, maana zote alizipitia ameketi nyuma ya mume wake. Ya kiangazi inatoka gatini, inashika kaskazini mpaka kisiwa cha misonobari, inakunja kama kiwiko, inarudi kwa nyuma; maili mbili za ziada na kahawa inapoa. Ya Februari, pikipiki ya theluji, yeye ameshika chupa ya chai kifuani, inatoka gatini na kwenda moja kwa moja kama uzi wa fundi. Kwa nini ukunje? Ziwa lote ni sakafu. Barafu unene wa mkono mzima, na mawe yote yamelala chini yake, unayapita juu unaimba.

Moja kwa moja kama uzi. Na Loren hakuchepuka hata hatua moja. Angechepuka, Wendell angekuwa hai.

"Nani amefungua droo yangu?" Norval aliuliza.

Bev aliinua nyusi, akamtazama Palmer. Palmer akatazama samaki wake. Ardis alisema, "Sijui."

Neno lile lilitoka lenyewe, jepesi, kama anavyosema hajui miwani iko wapi. Aliitazama meza yake, sahani nne, mvuke wa kahawa, Bev amejiachia kama yuko kwao. Miaka thelathini ya watu kuingia bila kubisha. Angeweza kunyamaza. Kadi hupotea. Droo ile ilishameza vitu vikubwa zaidi. Jumamosi trela lingekuja, lingeondoka, na Loren angeendelea kuliweka dumu na Norval kulikata mpaka mmoja wao afe.

Kisha akakumbuka macho ya Loren dirishani, asubuhi ile, alipoitwa muuaji. Mkono wa kulia aliouinua kwa utani.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpa Loren."

"Ulimpa Loren nini?"

"Kadi. Tarehe kumi na nane Julai. Nikamwambia afuate mstari."

Hakuna aliyetafuna. Norval alisimama na droo mkononi, ilikuwa imechomoka yote, na betri moja ikadondoka ikaviringika mpaka chini ya jiko. Ardis aliona jambo linapita akilini mwa mumewe, akalisubiri litoke, akidhani atalia, au atamtukana, au ataketi.

"Kwa hiyo," alisema Norval, "ana mwamba wangu?"

Aliyasikia maneno yake baada ya kuyasema. Ilionekana, maana shingo ilimwiva. Lakini maneno yalikuwa yameshakaa mezani pamoja na kabichi, na kila mtu alikuwa ameyaona.

"Leo asubuhi umemwita muuaji," Ardis alisema, "kwenye gati langu. Mimi nikamenya viazi."

Alivua aproni. Norval alirudisha droo mahali pake, taratibu sana, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Kaa chini, Ardis. Unakwenda wapi? Sikiliza. Mtu amekwisha zikwa. Ukienda pale hafufuki. Loren mwenyewe hajasema, kwa nini useme wewe? Kesho utataka kutoka nje, utakwenda wapi? Kanisani? Humu ndani tupo sisi tu. Palmer ni mtu mzima. Bev hajasikia kitu."

"Mimi? Sijasikia kitu," alisema Bev, huku anatafuta mkono wa koti lake.

*

Kutoka mlango wa Tveiten mpaka mlango wa Pruitt ni hatua themanini na nne. Ardis alikuwa hajawahi kuzihesabu, siku zote alikuwa na bakuli la moto mikononi na anakimbia lisimchome. Leo mikono ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi. Nyuma ya nyumba karavani ilikuwa imefunguliwa madirisha, godoro limeanikwa. Dumu jeupe lilikuwa juu ya ngazi, limeshafungwa kamba nyingine.

Maxine alifungua kabla hajabisha. Mwanamke mrefu, mkavu, nywele kazifunga kitambaa cha kufanyia usafi. Nyuma yake masanduku yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka kimo cha mtu.

"Kama ni vyombo vyako," alisema, "utavipata kabla ya Jumamosi."

"Siyo vyombo."

"Kama umetumwa na mumeo kuhusu dumu, mwambie amalizane na Loren. Mimi madumu siyajui."

"Maxine, kadi iliyokuwa kwenye mashua ni mimi niliyetoa."

Alisema yote pale pale kizingitini, kwa mkupuo, kama mtu anayetapika: mahindi, mbele ya kanisa, droo, mstari wa mawe, Norval asijue. Alieleza kadi mbili na jinsi zinavyopokezana. Alieleza kwamba mstari ule ulikuwa wa pikipiki ya theluji, umepita juu ya barafu na juu ya mawe, na kwamba Loren hakukosea njia. Aliifuata kama alivyoambiwa, wayo kwa wayo. Aliposema anakwenda kama aliyezaliwa hapa, maana yake alikuwa na njia ya watu waliozaliwa hapa.

"Hakujifanya," Ardis alimaliza. "Ndiyo niliyokuja kusema. Hakujifanya anajua. Alidhani anajua, na mimi ndiye niliyemdhanisha."

Maxine akageuza kichwa kidogo, bila kugeuza mwili.

"Loren."

Loren alikuwa mezani, mgongo kwao. Bila jaketi alionekana mdogo, kama ndege aliyelowa.

"Nimesikia," alisema.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulijua?"

Loren aligeuka kwenye kiti chake, akamtazama mkewe.

"Sherifu aliporudisha vitu vya mashua, mwanzoni mwa Septemba. Niliichomeka kadi kwenye mashine ndogo. Kila mstari una tarehe yake, chini kabisa, maandishi ya sisimizi. Ule ulisema tarehe tisa Februari."

"Mwanzoni mwa Septemba."

"Wiki mbili, Max. Na kidogo."

"Wiki mbili." Maxine alisema kwa sauti ya chini, kama anayejifunza neno. "Nimelala kwenye lile kopo wiki tisa. Nimelitaja jina lako pamoja na la shetani kila asubuhi nikipiga mswaki. Na wewe wiki mbili una tarehe mfukoni, unaitazama, unakwenda kufunga madumu."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi nani?"

Loren alimtazama Ardis tu, kama asubuhi. Sasa Ardis alijua macho yale asubuhi yalikuwa yanasema nini. Hayakuwa yanamlaumu. Yalikuwa yanamwambia, usiogope, sitasema. Angependa yamlaumu.

"Ndiye peke yake aliyekuwa anakuja," Loren alisema. "Kila Jumanne. Ufuko mzima unaniita Chungwa, yeye analeta bakuli. Ningesema, ningebaki na nani? Halafu tarehe ilikuwa pale kwenye kioo, Max, Julai ilikuwapo vilevile, sikuisoma. Ramani sikuifungua. Na jaketi... nilimwona amelikalia. Nilimwona kwa macho yangu, nikasema moyoni, mtu mzima, nitamwambia tukifika. Kadi haikusema alikalie."

"Kwa hiyo ulimwekea huyu siri," alisema Maxine, "ukaniachia mimi chuki."

"Nilidhani ya kwako itapoa."

Maxine alicheka, kicheko kifupi, hewa tupu puani. Ardis alikuwa amekuja na tumaini dogo ambalo hata yeye hakulijua mpaka lilipokufa: kwamba akisema, yule mwanamke atageuka, atakwenda mezani, ataweka mkono begani kwa mumewe. Hakwenda. Loren naye alikuwa anangoja kitu hichohicho; ilionekana mabegani.

"Trela," alisema Loren. "Jumamosi. Linakuja bado?"

"Linakuja."

Loren alishusha kichwa.

"Nitaondoka, Maxine," alisema Ardis. "Nilitaka ujue tu. Ukitaka kwenda kwa sherifu nitakwenda na wewe. Ukitaka niseme kanisani nitasema, ingawa Bev kwa sasa atakuwa ameshafika."

Alikuwa ameshageuka, mguu mmoja ngazini, karibu na dumu, aliposikia mlango wa oveni ukifunguliwa, na harufu ikamfikia. Aliitambua kabla hajaona. Nyama ya kusaga, vitunguu, viazi, jibini lake mwenyewe.

Maxine alirudi mlangoni ameshika bakuli kwa vitambaa viwili. Aliliinua juu, chini yake ule utepe ulikuwa umekauka na kukunjamana kwa moto, lakini jina lilisomeka: TVEITEN.

"Unajua kwa nini hayarudi?" alisema. "Hatujayala. Yalikuwa yote nane kwenye friza, moja juu ya jingine. Kila Jumanne nilikuwa nasema, huyu mwanamke ana roho ya namna gani, wala hatujuani naye vizuri. Nilikuwa naona haya kula chakula kizuri hivi na Wendell amekufa. Leo ndiyo nimesema nianze kuyamaliza, nisiondoke na vyombo vya watu."

Ardis aliurudisha mguu kizingitini.

Mezani palikuwa na sahani mbili. Maxine aliweka bakuli katikati, akafungua kabati, akatoa ya tatu. Akavuta kiti kilichokuwa kimetazama dirisha na ziwa, kiti ambacho wiki tisa hakikukaliwa na mtu, mto wake bado una shimo la mtu mnene.

"Ingia, Ardis," alisema. "Funga mlango, baridi inaingia. Kaa hapa, ule."